Bibi Dama Amerejea Nyumbani

Barua ililetwa na dereva wa basi la Mombasa, mtu aliyejuana na mumewe, na Mwanatumu aliipokea kwa mikono yenye povu la sabuni. Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wa 1956, naye alikuwa uani kwake Ngamiani, mjini Tanga, akifua. Barua ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwanatumu alijua kusoma juzuu zake chache na basi, kwa hiyo aliiweka juu ya kabati mpaka jioni, mumewe Athmani aliporudi kutoka kazini bandarini.

Athmani aliisoma akiwa amesimama mlangoni, penye mwanga.

"Kwa mjukuu wangu mpenzi, Mwanatumu binti Kibwana. Ama baada ya salamu, nakuarifu kuwa mimi babu yako Chirau ni mzima, isipokuwa magoti. Bibi yako Dama amerejea nyumbani, huu ni mwezi wa tatu. Njoo umwone, na vitukuu wangu waje wote niwatie machoni. Wasalaam."

"Hebu soma tena pale pa bibi," Mwanatumu alisema.

Athmani akasoma tena.

"Amerejea kutoka wapi?"

"Hapakuandikwa."

Mwanatumu akaketi juu ya kinu kilichokuwa kimepinduliwa kando ya mlango. "Mimi siku zote najua yuko Milalani, hajatoka. Alikwenda wapi?"

Athmani aliikunja barua. Alichokijua ni kile alichoambiwa na mkewe walipooana: kwamba kuna bibi ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na kwamba habari zake zisiulizwe.

Mama yake Mwanatumu, aliyeitwa Mwanapili, alifariki siku ya kumzaa. Baba yake, Kibwana, alikuwa seremala wa Tanga aliyeoa Msambweni, naye hakuwa na mtu wa kumlelea kitoto kichanga. Akamwacha kwa wakwe zake, Mzee Chirau na mkewe Dama, katika kijiji cha Milalani, yeye akarudi Tanga kwenye randa na misumeno yake. Mtoto akakua akimjua Dama kuwa ndiye mama, ndiye bibi, ndiye kila kitu. Alilala naye kitanda kimoja. Kila Alhamisi alasiri alikaa chini, katikati ya magoti ya bibi, akipakwa mafuta ya nazi na kusukwa, mdomoni ana kipande cha kashata cha kumnyamazisha nywele zikivutwa.

Alipotimu miaka minane mambo yaligeuka kwa siku moja. Bibi alikwenda hospitali asubuhi na kurudi jioni, na tangu jioni hiyo hakumgusa tena. Alimtandikia jamvi chumba cha pili. Chakula chake alikiweka chini, kisha akarudi nyuma hatua tatu ndipo amwite. Mtoto alipomkimbilia kumkumbatia, Dama aliinua mwiko juu na kupiga kelele, "Usinisogelee!" Wiki haikwisha, baba akaja kumchukua. Siku ya kuondoka bibi alijifungia chumbani. Mwanatumu aligonga mlango mpaka kiganja kikamuuma, na kutoka ndani akasikia maneno manne tu: "Nenda na baba yako."

Akaenda, na moyoni akaenda na jambo moja: bibi amenichoka.

Kule Tanga mama wa kambo alimlea vizuri, haki ya Mungu isemwe. Lakini kila alipomuuliza baba yake habari za bibi, Kibwana alijibu, "Yupo. Muombee," na kuanza kutafuta msumari. Wasafiri walimletea salamu za babu, pengine na kikapu cha nazi. Akiwauliza, "Na bibi je?" walitazama pembeni. Mwishowe aliacha kuuliza. Akaolewa, akazaa watoto watatu, Kibwana akafa bila ya kusema lolote, na miaka ishirini na minne ikapita Mwanatumu hajakanyaga Milalani.

"Nenda," Athmani alisema. "Watoto hawana shule mwezi huu. Kamuulize mwenyewe alikwenda wapi."

"Nawe utakula nini?"

"Nitakula kwa mama."

"Ndiyo maana unanihimiza," Mwanatumu alisema, na hapo ikawa wamekubaliana.

Zahoro, mwanawe wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na mmoja na alisomeshwa ramani shuleni. Tangu basi lilipotoka Tanga alikaa dirishani akingoja mpaka. Alikuwa na hakika kutakuwa na mstari mwekundu. Walipofika Lunga Lunga, askari akapanda, akatazama nyuso na mizigo, akateremka, na basi likaendelea kati ya mihogo ile ile na minazi ile ile.

"Mama, mpaka uko wapi?"

"Tumeshaupita."

"Mbona sikuuona?"

"Hata mimi sikuuona," Mwanatumu alisema. Akafikiri ni mahali pepesi namna hii, safari ya asubuhi moja, na yeye aliufanya kuwa bahari. Biasha, mwenye miaka minane, alikuwa amelala begani kwake. Salimu, mdogo wa miaka mitatu, alikuwa ametapika mara mbili na sasa ana furaha.

Mzee Chirau alikuwa akiwangoja Msambweni kituoni, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na ameshika baiskeli. Baiskeli hiyo hakuipanda tena. Aliitumia kama mkongojo. Mwanatumu alimtambua kwa masikio. Alimshika mkono akaubusu, na watoto wakaja mmoja mmoja: shikamoo babu, shikamoo babu. Mzee aliitika marahaba tatu. Wakafunga sanduku la bati kwenye keria ya baiskeli na kushika njia ya mguu kuelekea Milalani.

Walipopita mashamba ya mwanzo Mwanatumu hakuweza kungoja zaidi.

"Babu, bibi alikwenda wapi?"

Chirau alisimama. "Baba yako hakukwambia? Hata alipokuwa akifa?"

"Hakuniambia kitu."

"Basi alitimiza kiapo, Mungu amrehemu." Akawaambia watoto wakawatazame tumbili waliokuwa wakirukaruka kwenye miti mbele kidogo. Kisha akaegemeza baiskeli na kukaa juu ya gogo la mnazi, na Mwanatumu akakaa kando yake.

"Bibi yako alipatwa na ukoma," alisema. "Alikuwa na baka mkononi, hapa, halisikii hata sindano. Tukadhani ni kitu cha kupita. Siku ile alipokwenda hospitali wakamwambia ni nini. Alirudi akaniita mimi, akatuma mtu amwite na baba yako, akatushika tukaapa. Alisema: watu wakijua kuwa mtoto huyu amelala kitanda kimoja na mkoma, haolewi. Watamtazama mikono yake mpaka siku ya kufa kwake. Aende mbali, na asijue, maana mtoto akijua atasema."

Mwanatumu aliitazama mikono yake mwenyewe, imelala mapajani.

"Siku ulipogonga mlango," babu aliendelea, "mimi nilikuwa mle ndani pamoja naye. Alikuwa ameiuma leso yake kwa meno. Alipoiachia ni kwa kukuambia yale maneno uliyoyasikia, kisha akaiuma tena. Mimi sijamwona mtu akilia namna ile, si kabla wala si baada."

"Na mimi nilidhani amenichoka," Mwanatumu alisema.

"Akuchoke wewe?" Mzee alishangaa kweli, kama aliyeambiwa kwamba jua huchomoza magharibi, huko Kinango.

Akamsimulia yaliyobaki. Mwezi uliofuata Dama alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma, akakaa huko miaka yote hiyo. Kila Ijumaa baada ya sala Chirau alimpelekea kikapu: samaki, ndizi, tambuu. Ndugu zake walimwambia amwache aoe mwingine. Aliwajibu kuwa mke wake ni mgonjwa, hajafa. Kisha zikaja dawa mpya, vidonge, na Dama akavimeza mwaka baada ya mwaka, na mwezi wa sita mwaka huu daktari alimpa karatasi akamwambia, kwenu sasa.

"Alhamdulillahi," Mwanatumu alisema huku akijifuta.

"Alhamdulillahi. Lakini, mjukuu wangu, amerejea na hajarejea. Anakaa kibandani nyuma ya nyumba, palipokuwa jiko. Ana kata yake, bakuli lake, mlango wake. Mimi mwenyewe nasalimiwa kwa mbali." Mzee alikohoa. "Na jambo jingine. Hajui kama mnakuja."

Mwanatumu akamgeukia. "Hukumwambia?"

"Ningemwambia, angerudi kambini."

Nyumba ilikuwa ile ile ya udongo na makuti, ila imekuwa ndogo. Waliingia kwa upande wa uani, na pale Mwanatumu alimwona mwanamke mfupi aliyejitanda leso, amewapa mgongo, akiwatupia kuku machicha ya nazi. Chirau akasema, "Dama, una wageni." Mwanamke akageuka. Alimtazama Mwanatumu, akawatazama watoto, macho yakamsimama kwa Biasha. Kisha akaingia kibandani haraka kuliko miguu yake ilivyoweza, karibu aanguke, na mlango ukafungwa.

"Chirau!" sauti ilitoka ndani. "Umefanya nini? Warudishe! Warudishe leo hii!"

"Basi la Tanga ni mpaka kesho kutwa," Chirau alisema kwa upole, na hilo lilikuwa kweli.

Mwanatumu alisimama mbele ya mlango. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na hata hivyo mkono wake uliinuka kugonga, akauzuia. Badala yake alisema, "Shikamoo, bibi."

Komeo likatiwa kutoka ndani.

"Babu ameniambia yote. Sina haraka. Nitapika kwanza."

Akapika wali na mchuzi wa papa, na alipokuwa akikuna nazi alizungumza kwa sauti ya kusikika kibandani, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua. Alizungumza habari za Tanga, za mume wake anayekoroma, za Biasha aliyemeza kifungo, za Salimu asiyelala mpaka ashike sikio la mtu. Chakula kilipoiva alibeba sahani mpaka mlangoni.

"Weka chini, uondoke," sauti ilisema.

Aliiweka chini akaondoka. Alipogeuka, sahani haikuwapo.

Siku ya pili babu alitoa karatasi ya daktari, iliyokuwa imekunjwa ndani ya juzuu amma. Ilikuwa ya Kiingereza. Daktari aliwaeleza kwa mdomo tu kupitia kwa mkalimani. Yaliyoandikwa mle hakuna aliyewahi kuwasomea. Mwanatumu akamtazama Zahoro.

"Kiingereza chako cha shule kinafika hapa?"

Zahoro aliisoma kimoyomoyo, midomo ikitembea. "Kinafika nusu, mama."

"Kamsomee bibi hiyo nusu."

Akaenda akasimama mbele ya mlango uliofungwa, mgongo umenyooka kama mbele ya mwalimu.

"Nani huyo?" Dama aliuliza.

"Ni mimi, Zahoro. Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nimeambiwa nikusomee cheti chako. Kimeandikwa hivi. Dama, mke wa Chirau, wa Milalani, amepimwa mara nyingi. Hana ugonjwa tena. Halafu hapa pana neno refu silijui."

"Liruke."

"Haya. Hawezi kumwambukiza mtu. Anaweza kuishi na watu wake na kula nao."

Kuku wawili walipigana uani wakaacha. Mwanatumu alikuwa ameshika nguzo ya baraza na hakuhisi kuwa ameishika.

"Mjukuu," Dama alisema kutoka ndani, "rudia hapo pa watu wake."

Zahoro alirudia. Akaambiwa arudie tena, akarudia. Ndipo mlango ulipofunguka, si wote, kiasi cha mtu kupita kwa ubavu, na Bibi Dama akaketi kizingitini, mikono ameificha ndani ya leso. Nyusi zake zilikuwa zimepukutika. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa ndani ya kiatu kilichokatwa kwa mpira wa gari. Macho yalikuwa yale yale.

"Kaeni pale pale," aliamuru. "Msije karibu. Niwatazame."

Wakakaa pale pale. Salimu aliogopa akajificha nyuma ya mama yake na kulia. Biasha alitazama leso, palipokuwa na mikono.

"Bibi, vidole vyako vinauma?"

"Biasha!" mama yake alimkemea.

"Mwache aulize. Haviumi, mwanangu. Ndiyo shida yake. Hata vikiungua haviumi."

Biasha alilifikiria hilo. "Basi ukipika niite mimi nikuangalizie moto."

Dama alifungua kinywa ajibu, na badala ya jibu kikatoka kicheko, kikavu, cha mtu ambaye hajacheka mbele ya mtoto kwa miaka mingi. Jioni hiyo walikula uani, yeye kizingitini na wao mkekani, hatua tatu baina yao. Usiku Zahoro alimnong'oneza mama yake, "Mama, pale pa kula nao hapakuandikwa. Nimeongeza mimi."

"Mungu atakusamehe," Mwanatumu alisema, akamvuta kichwa akakibusu.

Asubuhi iliyofuata alichukua chanuo na kichupa cha mafuta ya nazi, akavuka zile hatua tatu bila kuomba ruhusa, akakaa chini kwenye kizingiti, mgongo kwa bibi yake, na kuvua mtandio.

"Bibi, nisuke."

"Ondoka hapo, Mwanatumu."

"Siondoki."

"Nitakusuka kwa nini? Sina vidole."

"Unavyo vingapi?"

Alisikia bibi akihesabu kimya. "Mkono huu vitatu vizima. Huu, gumba na nusu ya kile cha shahada."

"Vyatosha. Nywele zangu si nyingi kama zamani."

Halafu alihisi mafuta utosini, mengi mno, yakitiririka mpaka shingoni, na baada ya mafuta ukaja mkono, mgumu, mzito, usiojua unagusa nini, ukaanza kutafuta njia katikati ya nywele. Dama hakuwa akihisi nywele kwa vidole; ilimbidi azitazame kwa macho, unywele kwa unywele. Mistari ilitoka imepinda. Msuko mmoja ulifumuka mara nne. Kila baada ya muda tone lilimwangukia Mwanatumu begani, na halikuwa la mafuta. Walimaliza karibu na adhuhuri. Mwanatumu alisimama na kichwa ambacho Ngamiani wangekicheka mtaa mzima, na Biasha akakaa mahali pake bila kuambiwa.

Tatizo lilikuja kisimani. Siku ya tano Dama alifuatana na watoto kwenda kuteka maji, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arudi. Chirau ndiye aliyekuwa akimtekea. Kache, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa pale na wanawake wengine wawili. Alipomwona Dama aliipokonya ndoo yake kutoka ukingoni kama aliyeona nyoka.

"Wewe Mwanatumu," alisema kwa sauti kubwa, "umetoka Tanga kuwaleta watoto wako waoze?"

Dama alirudi nyuma, ameinamisha kichwa, akawavuta watoto kwa ncha ya leso. Mwanatumu aliiweka chini ndoo yake.

"Shikamoo, mama Kache," alisema, kwa kuwa Kache alikuwa mkubwa wake. "Bibi yangu ana cheti cha daktari. Lakini cheti tuache. Mimi nimelala kitanda kimoja na huyu miaka minane."

"Mwanatumu, nyamaza!" Dama alisema nyuma yake.

"Kitanda kimoja, shuka moja, na ugonjwa ulikuwa tayari mwilini mwake, haujatibiwa. Nitazame." Akanyoosha mikono yote miwili, akavitandaza vidole kumi mbele ya uso wa Kache, kisha mbele ya wale wawili, mmoja baada ya mwingine. "Vihesabu. Nani mwingine anataka kuhesabu?"

Hakuna aliyehesabu. Kache alichukua ndoo yake akaenda zake bila kuijaza.

Njiani wakirudi Dama alimgeukia. "Umefanya nini, mwanangu? Nimelificha miaka ishirini na minne jambo hilo. Nimekukosa kwa ajili yake. Na leo umelitangaza kisimani!"

"Ulilificha ili niolewe, bibi."

"Ndiyo!"

"Nimeshaolewa. Nina watoto watatu hawa, na mume ananikoromea kila siku. Kazi yako imekwisha. Imekwisha vizuri."

Dama alisimama katikati ya njia. Alimtazama kana kwamba jambo hilo, lililokuwa wazi kwa kila mtu, halijawahi kumpitia akilini. Kisha, mbele ya watoto na mbele ya yeyote aliyekuwa akipita, alitoa mikono yake ndani ya leso akamshika Mwanatumu mashavu yote mawili. Wakakaa hivyo mpaka Salimu alipolia kuwa anataka maji.

Kache hakuja kuomba radhi. Lakini Ijumaa alasiri alifika uani na sahani ya mabumunda matamu ya unga, akampa Dama mwenyewe mkononi, akasimama pale pale mpaka mabumunda yakamiminwa na sahani yake ikaoshwa na kurudishwa. Akaichukua akaondoka. Dama aliyaangalia yale mabumunda muda mrefu kabla ya kuwagawia watoto.

Siku ya kumi na mbili sanduku lilifungwa. Hapo ndipo Biasha aliposema kwamba yeye haendi. Hakulia; alisema tu, kama mtu anayetoa taarifa, kuwa bibi hawezi kupika peke yake, atajiunguza, na babu hana macho ya kuangalia moto. Dama alisema hapana, mtoto aende kwa mama yake. Alisema hapana mara tatu, na kila moja ilikuwa na nguvu ndogo kuliko iliyotangulia.

Mwanatumu alitoka akakaa peke yake kwenye baraza. Alimfikiria Biasha, umri wake. Alifikiri watu wa Tanga watasema nini, na mama mkwe wake atasema nini, na akaona kuwa hayo yote ameyajibu tayari kisimani. Akarudi ndani.

"Mpaka Maulidi," alimwambia Biasha. "Na chuoni uende, babu atakupeleka."

Dama alikwenda kibandani, na watu wakamsikia akivuta kitu kizito. Alikuwa akikokota kitanda chake, yeye mwenyewe, kukirudisha nyumba kubwa. Zahoro na Mwanatumu wakamkimbilia kushika upande wa pili.

Ndivyo ilivyokuwa. Dama aliishi miaka mitatu mingine, na miaka yote mitatu Mwanatumu alivuka mpaka huo asiouona, pengine mara mbili kwa mwaka, mara moja akiwa na mimba ya miezi saba. Alimuuguza bibi yake mwisho wake, katika chumba kile kile ambacho mlango wake aliugonga zamani. Alisema baadaye kwamba miaka mitatu si miaka ishirini na minne, lakini aliishi kila siku yake.

Baada ya Maulidi ya mwaka ule wa kwanza alikuja kumchukua Biasha, na safari hii Athmani alifuatana naye. Athmani alimbusu Bibi Dama mkono, akala kila alichopewa, na kwa siku mbili akakoroma mpaka Chirau akahamia barazani. Biasha alikuwa ameongezeka urefu na weusi, na amekuwa na maneno mengi.

Ndani ya basi walipokuwa wakirudi, Athmani alimuuliza bintiye kama amefurahi kukaa kwa bibi. Biasha alimjibu kwa Kidigo, lugha ya huko Milalani, haraka haraka, maneno marefu yaliyopanda na kushuka, bila kujua kuwa amebadilisha lugha.

Athmani akamgeukia mkewe. "Anasema nini huyu?"

Mwanatumu alikuwa hajakisema Kidigo tangu alipokuwa na umri wa Biasha, na alidhani kimeshamtoka.

"Anasema muhogo unataka kupaliliwa," alisema, "na kwamba tumemchukua mapema."